Sauti Iliyokuja kwa Basi kutoka Iringa

Kaseti ilifika Mbeya na basi la mchana, imeviringishwa kipande cha kitenge ndani ya boksi la majani ya chai. Kondakta alinikabidhi akitabasamu, akaniambia nasalimiwa sana kutoka Iringa. Mimi sikutabasamu. Nilijua sauti ya nani imo mle ndani, na kabla sijatoka stendi nilikuwa nimeshakasirika.

Sauti ya mwenzangu. Nitamwita hivyo tu, mwenzangu wa Iringa, maana jina lake hata nikilisema kimoyomoyo linanichoma. Tulikua katika kwaya moja ya kanisa pale Iringa mjini, tukafundishwa na Mwalimu mmoja, tukakaa benchi moja. Yeye sauti ya kwanza, mimi sauti ya pili. Asiyeimba kwaya hawezi kuelewa uchungu uliomo katika maneno hayo. Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, ndiyo watu wanayotoka nayo kanisani wakiimba njiani, wakiosha vyombo, wakibembeleza watoto. Sauti ya pili ni chumvi. Ikiwemo hakuna anayeisifu. Ikikosekana ndipo wanauliza mpishi ni nani. Na kila palipokuwa na ubeti wa mtu mmoja, Mwalimu alimwonyesha yeye kwa kidevu. Hakuhitaji hata kunyoosha mkono, jinsi mambo yalivyokuwa yanajulikana.

Kitu kimoja nilimpiku. Misheni moja ilipofunga studio yake ya zamani, Mwalimu aliletewa mashine mbili za kurekodia kwa kaseti, pacha kabisa, zile zenye njia nne. Wakati huo mimi nilikuwa nimeolewa Mbeya na nimeanza kuongoza kwaya huku Uyole. Mwalimu akabaki na moja, ya pili akanipa mimi. Mimi! Nilisafiri nayo mapajani kutoka Iringa hadi Uyole, na abiria aliyekaa pembeni yangu aliposema niiweke chini ya kiti nilimtazama mpaka akageukia dirishani.

Mashine hizo zinataka maelezo kidogo. Kaseti ya kawaida ina upande wa kwanza na upande wa pili. Mashine yetu haijui mambo ya pande: inachukua upana wote wa utepe na kuugawa njia nne zinazokwenda pamoja, kila njia na sauti yake, kila sauti na kinobu chake. Mwalimu alipoiona alisema Mungu mwenyewe ni mwanakwaya, maana njia ni nne na sauti zetu ni nne. Akaanzisha utaratibu ambao sijausikia kwingine kokote. Yeye Iringa anaingiza sauti ya nne, besi, kwa koo lake mwenyewe. Mwenzangu anaingiza ya kwanza. Kaseti inapanda basi kuja Mbeya, mimi naingiza ya pili, mume wangu ya tatu, kisha inarudi. Siku ya mazoezi wanawake wa sauti ya pili wakitaka kujifunza, unapandisha kinobu cha njia ya pili, unashusha vingine, wanajisikia wenyewe bila kusumbuliwa. Hivyo ndivyo kwaya mbili za miji miwili zilivyokuwa zinajifunza wimbo mmoja.

Watu hutuuliza, mbona msitumiane kwa simu kama watu wengine? Mwalimu hataki. Anasema simu inachanganya sauti zote kama makande, huwezi tena kuchambua mahindi na maharage. Na mashine nayo ina vituko vyake. Mwanzoni kabisa, mama mmoja wa kwaya yangu aliigeuza kaseti upande wa pili akidhani ni ya kawaida. Ikatoka sauti ya Mwalimu inaimba kinyumenyume, mkia mbele kichwa nyuma. Mama wa watu akadhani ni pepo, akaanza kulikemea kwa jina la Yesu, na wenzake wakamwitikia. Tulikemea mashine ile mpaka mume wangu akaja kuichomoa kwenye umeme.

Sasa turudi kwenye kaseti yangu ya boksi la majani ya chai. Safari hii haikuwa ya mazoezi. Mwalimu amezeeka, na alikuwa ametunga wimbo aliosema ni wa mwisho, wa kuimbwa na kwaya zote mbili kwa pamoja kwenye mkutano wa uimbaji. Katikati yake ameweka ubeti wa mtu mmoja. Akanitumia ujumbe wa maandishi kwa simu ya mwenzangu, maana yeye hana ya kwake, akasema: "Mama, ubeti huu sijaamua wa nani. Mwenzako ameuimba kwenye njia ya tatu. Wewe uimbe kwenye njia ya nne, kisha uilete mwenyewe. Nitawasikiliza wote wawili kwenye utepe mmoja, halafu nitachagua."

Nilikaa chini. Tangu usichana wangu nilikuwa nasubiri maneno hayo. Nina wajukuu sasa, na sijawahi hata siku moja kuimba peke yangu mbele ya Mwalimu wangu. Huo ubeti niliutaka kuliko nilivyotaka harusi yangu, na mume wangu nilimwambia hivyo hivyo. Alicheka, lakini si sana.

Nikaiweka kaseti. Kwanza njia ya kwanza, Mwalimu anasalimia na kutoa maelekezo. Sauti yake ilikuwa imekonda, nyembamba, inakimbia kidogo. Nikamwambia mume wangu, "Maskini, Mwalimu amezeeka kweli, amekuwa na sauti ya kijana aliyebalehe juzi." Ilikuwa hivyo kwa kaseti kadhaa zilizopita, nami nilikuwa nimeshazoea kumhurumia. Kisha nikapandisha kinobu cha njia ya tatu.

Jamani! Mwanamke yule ana umri wangu. Tulipata kipaimara siku moja. Lakini sauti iliyotoka pale ilikuwa ya msichana. Imepanda juu, nyepesi, inaruka kutoka neno hadi neno bila kugusa chini. Kwenye mstari wa mwisho wa ubeti alifika mahali ambapo mimi hata nikiwa kijana sikufika. Na jambo hilo halikuanza siku hiyo. Mwaka uliopita, na mwaka juzi, kila kaseti ilipokuja yeye alizidi kuwa mbichi. Mimi nazeeka huku kwenye ukungu wa Uyole, magoti yanalia, na yeye kule anarudi usichana. Nilizima mashine nikaenda kumenya viazi, na viazi vile nilivimenya mpaka vikabaki vidogo kama kokoto.

"Una wivu," mume wangu alisema.

"Ndiyo, ninao. Wewe ulidhani nina nini?"

Kesho yake nikaanza kazi. Nikafungua maiki, nikavaa hedifoni, nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Hakikushuka. Nikabonyeza kwa nguvu, hakikushuka. Nikaitoa kaseti, nikaigeuza, nikaona: kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kaseti kimevunjwa. Ukikivunja, mashine hairekodi tena juu ya kaseti hiyo. Ala! Nikapiga kelele nyumba nzima ikasikia. "Amenifungia mlango! Ameimba, akavunja kijino, ili mimi nisiimbe!"

Mume wangu akaja akifuta mikono. "Labda amevunja ili asije akafuta kwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya ya nani? Ya kwangu?"

Yeye alikunja kipande cha karatasi, akakishindilia kwenye kitobo, akakifunika kwa selotepu, na kitufe kikashuka bila ubishi. Ni jambo dogo, kila aliyewahi kuwa na kaseti analijua. Mimi nalijua pia. Lakini hasira zilikuwa zimeniziba macho.

Nikaimba. Kitufe nilikuwa nimekiachia kwanza, nijaribu maiki tu: kimya. Hakuna kitu njia ya nne. Nikaimba tena huku mume wangu akitazama mishale, maana kila njia ina mshale wake unaocheza sauti ikiingia. Mshale wa nne umelala kama mgonjwa. Ghafla akanishika mkono, akanivua hedifoni. Swichi ya kuchagua njia ya kurekodia ilikuwa inaelekea ya tatu. Bahati nzuri safari zote mbili nilikuwa najaribu maiki tu, sijabonyeza kitufe chekundu. Ningebonyeza, ningeimba juu ya mwenzangu, na sauti yake ingefutika yote moja kwa moja.

"Mke wangu," alisema polepole, "ulitaka kumfuta?"

"Hapana! Mkono umeteleza."

Naapa ulikuwa umeteleza. Ila niliitazama ile swichi kwa muda kabla sijaisogeza, na mume wangu alisimama pale pale mpaka nilipoisogeza.

Ikarekodi sasa, lakini kwa ukungu, kama mtu anaimba ndani ya blanketi. Hapo nilijua la kufanya bila kuuliza. Nikachukua pamba na spiriti, nikafungua kifuniko, nikasafisha hedi, kile kichuma kinachogusana na utepe. Pamba ilitoka na uchafu wa kahawia kama nimefuta meza ya mgahawa. Nikasafisha na kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe. Nikasikiliza tena, na njia ya nne ikawa safi, maneno yanasikika mpaka herufi za mwisho. Mashine yangu ilikuwa nzima. Tatizo lililobaki lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kooni.

Sikufika. Kila nikipanda mstari wa mwisho, mwenzangu yuko juu kwenye hedifoni anaelea, mimi nakwama chini yake, nakwaruza. Mume wangu, ambaye hupiga kinanda kanisani, akaleta kinanda chake anisaidie kushika sauti. Akatafuta. Akapiga kibonye cheupe, hapana. Akapiga cheusi cha pembeni yake, hapana. Akainamisha kichwa. "Ajabu hii. Wimbo umekaa katikati. Hauko kwenye kibonye chochote."

"Kwaya yetu toka lini imeimba kwa kinanda? Mwalimu anatoa do popote roho inapompeleka."

Na ni kweli. Sisi tumelelewa kwa do, re, mi. Do haina nyumba. Mwalimu akiamka na mafua do iko chini, akiamka na furaha iko juu, na sisi tunamfuata bila kumuuliza. Mtu wa kinanda angeshtuka mapema sana. Sisi tungeweza kuimba katikati ya vibonye mpaka kiama na tusijue.

Mume wangu hakuridhika. Akaonyesha kinobu kidogo cha pembeni, kile cha kuongeza na kupunguza kasi ya utepe. "Tushushe kidogo tu, wimbo ukae kwenye kibonye, na wewe upate nafuu. Kidogo tu, mama."

Nikampiga mkono. Ndiyo, nilimpiga, kofi dogo la juu ya kiganja. "Yaani nishushe? Yeye aimbe juu, mimi nimpunguze kwa kinobu ndipo nimfikie? Hiyo ni kuiba. Nitafika kwa miguu yangu."

Akaondoka na kinanda chake. Mlangoni akasema wivu wangu utanila koo. Nikamwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Nikawa naimba kila siku. Naimba nikichota maji, naimba nikikaanga vitunguu, napanda na kupanda. Nilikunywa asali, nilikunywa limao, nilitafuna tangawizi mbichi mpaka machozi. Mama wa jirani akaniuliza kwa uungwana kama nyumbani kuna mgonjwa. Mwishowe, asubuhi moja, nilifika. Nilibonyeza kitufe chekundu, nikafumba macho, nikaimba ubeti wote, na mstari wa mwisho nikaushika pale pale aliposhika yeye, urefu uleule, bila kupungua unywele. Nilipomaliza nilikohoa, na koo likauma kama limepitiwa na msasa. Sikujali. Nikakitoa kile kikaratasi mgongoni mwa kaseti kwa kucha zangu, mtu yeyote asije akaigusa tena.

Nikapanda basi kwenda Iringa. Njia nzima, Igawa, Makambako, Mafinga na ile misitu yake ya misonobari, sikufungua kinywa ili nilinde sauti. Aliyenisalimia nilimwitikia kwa kichwa. Pale Ipogolo nikachukua bodaboda kupanda mlimani hadi mjini, leso mdomoni, nikifikiria uso wa mwenzangu atakapoisikia njia ya nne.

Mwalimu alikuwa sebuleni kwake, na mwenzangu yupo, ameshaandaa viti. "Kamwene," Mwalimu alinisalimia kwa Kihehe, na mimi nikashtuka. Sauti ilikuwa nene, nzito, ile ile besi yake iliyokuwa inatetemesha mabenchi tulipokuwa wasichana. Haikukonda hata kidogo. Nikajisemea labda amepona. Mwenzangu alinikumbatia, akanipokea mkoba, akasema pole na safari, mwenzangu, umechoka. Nikasema sijachoka.

Mwalimu akaiweka kaseti kwenye mashine yake. Akaanza na njia ya kwanza, maelekezo yake mwenyewe, na mle ndani pia sauti yake ilikuwa nene. Nywele zikanisimama. Ilikuwa kaseti ile ile niliyoisikiliza Uyole, Mwalimu yule yule aliyekuwa na kisauti cha kijana. Akapandisha njia ya tatu, na mwenzangu akaimba. Lakini hakuwa msichana. Alikuwa mwanamke mtu mzima, sauti ya joto, imetulia, inatembea bila haraka. Kisha akaishusha, akapandisha ya nne.

Ee Mungu wangu. Kilichotoka pale kilikuwa kinafuata wimbo vizuri, siwezi kusema kilikosea. Kilikuwa kwenye do ya mwenzangu kabisa. Lakini kilikuwa kizito, kimevimba, kinaburuta maneno kama mtu aliyeamshwa usingizini akaambiwa aimbe. Ungesema ni mwanamume amejifunga kanga. Mwenzangu alitazama sakafu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, na heshima ile iliniumiza kuliko kama angecheka.

"Hiyo si sauti yangu!" nilisema. "Mashine yako, Mwalimu. Inakwenda polepole."

Mwalimu akatabasamu kwa huruma. "Mama, wahenga walisema asiyejua kucheza husingizia uwanja."

Nilisimama. Sikuomba ruhusa. Nikaenda kwenye mashine, nikashika kile kinobu kidogo cha kasi, kile kile nilichompigia mume wangu mkono, nikakipandisha. Njia ya nne ikaanza kujinyoosha, ikapungua uvimbe, ikakaza mwendo, mpaka nikatoka mimi, mimi mwenyewe wa Uyole. "Huyo hapo!" Kisha, bila kugusa kinobu, nikapandisha njia ya kwanza. Mwalimu akajisikia kwenye spika anaongea kama kijana mwenye haraka ya kwenda kucheza mpira. Mwenzangu akaziba mdomo kwa viganja viwili. Mwalimu mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani.

Akafungua mashine yake kwa bisibisi, na ule mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu ulikuwa umelegea, unaning'inia. Ulikuwa umelegea polepole, kaseti kwa kaseti. Kilichoimbwa Iringa kilirekodiwa kwa mwendo wa konokono, na kikifika kwangu, kwenye mashine nzima, kinakimbia na kupanda. Cha kwangu kikifika Iringa kinalegea na kuwa kizito. Kisauti kile cha msichana hakikuwahi kuwepo. Nilikuwa nimekwaruza koo langu kumkimbiza mtu ambaye hajazaliwa.

Mwalimu alijaribu kinobu huku na huku. Akikishusha, mwenzangu yuko sawa, mimi nimevimba. Akikipandisha, niko sawa mimi, mwenzangu amekuwa mtoto. Mwishowe akaizima. "Utepe huu hauwezi kuwatendea haki wote wawili," alisema. "Haya, simameni. Mwimbe na koo zenu, hapa hapa."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha, nakuambia ukweli. Maana Mwalimu alipotoa do yake, ilikuwa chini. Chini kabisa ya pale nilipokuwa najinyonga. Ilikuwa pale pale ninapoishi mimi, sauti ya pili, mahali nilipokaa maisha yangu yote ninapopajua gizani na mchana. Nikajisemea, leo. Leo ni leo.

Mwenzangu akaanza. Akaimba ubeti kwa ile sauti ya joto, na haikuwa sauti ya kwanza niliyoijua mimi. Ilikuwa imeshuka, imepata kina. Kwenye mstari wa mwisho hakupanda kwa kelele, aliufungua tu kama mlango, akaishia hapo. Niliona wivu mpaka vidole vya miguu vikajikunja ndani ya viatu. Lakini nilikuwa bado na matumaini, kwa sababu pale alipoimba ni kwangu. Pale nampita.

Nikafungua kinywa. Neno la kwanza likatoka nusu. La pili likatoka hewa. Nikakohoa, nikaanza upya, na kooni pakawa na mkwaruzo tu, kama mtu anaburuta sufuria juu ya saruji. Ile noti ya kawaida, noti ninayoweza kuiimba nikiwa nimelala, haikuwepo. Nilikuwa nimeimaliza yote Uyole, kule juu, kwenye kimo cha uongo.

"Mama," Mwalimu akauliza taratibu, "koo umelifanya nini?"

"Baridi ya Uyole," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaniambia nijaribu tena. Nilijaribu tena. Kisha akasema ubeti ataimba mwenzangu, kwa kuwa mkutano umekaribia, na mimi nisimame pembeni yake na sauti ya pili kama zamani, nikipona. Nikasema sawa, Mwalimu. Sijui nililisemaje neno hilo.

Nikaenda jikoni ili nisilie mbele yao. Mwenzangu akanifuata. Sikumtaka, lakini akanifuata, akawasha moto, akaponda tangawizi, akanichemshia chai. Aliponipa kikombe akakaa kwenye kigoda mbele yangu.

"Nikuambie jambo, usinicheke," alisema. "Hizi kaseti zako, tangu zianze kuja na ile sauti nzito, mimi sikuwa na amani. Nilikuwa nikisikiliza sauti ya pili kutoka Mbeya nasema, huyu mtu kule wanamlisha nini? Anazidi kukomaa, anazidi kuwa na kina, mimi huku nimebaki na kisauti cha sindano. Niliona wivu, mwenzangu. Wivu hasa. Nikienda shambani kupalilia nikawa naimba huku najishusha, leo kidogo, kesho kidogo, nikitafuta sauti yako ilipo. Hii uliyoisikia leo sikuwa nayo. Nimeipata kwa kukuonea wivu wewe."

Alicheka kidogo kwa aibu, akaangalia mikono yake.

Miaka yote nilitamani mtu mmoja tu duniani anionee wivu, na mtu huyo awe yeye. Sasa alikuwa amekaa mbele yangu, ameungama kwa kinywa chake bila kulazimishwa. Ningepaswa kusimama niimbe haleluya, kama ningekuwa na sauti ya kuimbia. Badala yake nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu. Wote wawili tulidanganywa na kipande kimoja cha mpira uliolegea, wote wawili tulikimbiza sauti isiyokuwepo. Yeye wivu wake ulimshusha shambani taratibu mpaka ukampa sauti. Mimi wangu ulinipandisha juu mpaka ukaninyang'anya niliyokuwa nayo.

Nikanywa chai yake. Ilikuwa nzuri, ina sukari kiasi ninachopenda. Akaniuliza nafikiria nini, na mimi nikatikisa kichwa, maana ningemwambiaje? Hata kwenye wivu amenishinda.